Usome kwanza au ushike usukani wa biashara yako? Njia tatu zikilinganishwa

Mwishoni mwa miaka ya 1960, wakubwa wawili wa kampuni ya Honda walifika mahali pa kutoelewana. Soichiro Honda, fundi aliyeianzisha kampuni, alitaka injini za magari ziendelee kupozwa kwa hewa. Wahandisi vijana walitaka maji: sheria za kupunguza moshi zilikuwa njiani, na injini yenye rejeta joto lake hudhibitika vizuri zaidi. Mzee akakataa katakata. Alijua injini kuliko mtu yeyote pale, au ndivyo alivyoamini. Ndipo Takeo Fujisawa, mshirika wake aliyeshika fedha na mauzo, alipomwuliza kama anataka kuwa rais wa kampuni au mhandisi wake, maana kuwa vyote viwili kulikuwa kumeshindikana. Honda akajibu kwamba heri abaki rais. Vijana wakaruhusiwa kufanya yao, na mwaka 1972 gari la Civic likaingia sokoni na injini inayopozwa kwa maji.

Swali hilo humfikia kila mwenye biashara, hata mwenye wafanyakazi wanne tu. Wengi wetu hatuna Fujisawa wa kutuuliza, kwa hiyo tunajiuliza wenyewe usiku, tena kwa kuzungukazunguka. Nimalizie kwanza ile kozi? Nichukue shahada ya usimamizi? Au niweke vitabu kabatini nisimamie watu, maana kazi zinaharibika? Ukiomba ushauri utakumbushwa habari za mshika mbili. Methali ni ya kweli, ila hapa haikusaidii, kwa sababu haikwambii ni ipi uiachie ikuponyoke.

Nimeziweka hapa njia tatu ninazoona watu wakizifuata. Ya kwanza ni kusoma kwanza, uongozi usubiri. Ya pili ni kushika uongozi sasa na kujifunza humo humo kazini. Ya tatu haisemwi sana kwa sababu inagusa heshima: kumpa mtu mwingine uongozi, wewe ubaki na ufundi wako.

Kwanza: unataka kujifunza nini hasa?

Kuna kujifunza ufundi. Mwandishi wa programu anachukua lugha mpya ya kompyuta, mhasibu anafuatilia mabadiliko ya kodi, mshonaji anajifunza mtindo mwingine wa kukata. Na kuna kujifunza kuongoza: kuajiri, kumwambia mtu kwamba kazi yake haitoshi bila kumvunja moyo, kusoma mzunguko wa fedha, kukabidhi kazi na kuiachia kweli. Zote ni elimu, lakini moja haikusaidii kubeba nyingine. Fundi hodari anayezidi kunoa ufundi wake anakuwa fundi hodari zaidi, na wale anaowasimamia wanabaki palepale walipokuwa.

Nalijua hili kwa aibu yangu mwenyewe. Niliwahi kutumia jioni za karibu mwaka mzima nikijifunza programu mpya ya kupanga kurasa, nikijiambia kwamba naiendeleza biashara. Kilichokuwa kinaiumiza biashara ni mfanyakazi mmoja aliyechelewesha kila kazi aliyoshika, nami nilikuwa naogopa kumwita tuzungumze. Kozi ilikuwa mahali pazuri pa kujificha. Cheti chake ninacho mpaka leo.

Kwa hiyo unaposema unataka "kusawazisha masomo na uongozi," taja somo lenyewe. Kama somo ni ufundi, basi kweli linagombania saa zako na uongozi. Kama somo ni uongozi wenyewe, ugomvi ni mdogo kuliko unavyoonekana, kwa kuwa karakana ya kujifunzia uko nayo tayari, na watu wa kujifunza nao wanakungoja kila asubuhi.

Njia ya kwanza: masomo kwanza

Njia hii ina sifa mbaya miongoni mwa wafanyabiashara, na mara nyingi ni kwa haki. Lakini kuna wakati ndiyo pekee. Honda huyohuyo, kabla ya kampuni yenye jina lake, katika miaka ya 1930 alijaribu kutengeneza ringi za pistoni na zikamkatalia. Mkono wake ulikuwa na ustadi wote, ila kasoro ilikuwa katika mchanganyiko wa madini, kitu ambacho jicho la fundi haliwezi kukiona. Akaenda kukaa darasani katika shule ya ufundi ya Hamamatsu, mtu mzima mwenye biashara miongoni mwa vijana. Alifuata yaliyohusu ringi zake. Mitihani hakuijali, na cheti hakupata. Ringi zikakubali.

Kisa hicho kina masharti yote ya njia hii. Tatizo lilijulikana. Halikuweza kutatuliwa kwa bidii wala kwa kuzungumza na watu. Lilizuia bidhaa yenyewe isitoke. Na aliyekwenda kusoma alijua siku ya kuondoka darasani: siku ringi zitakapokubali. Ukiwa na vitu hivyo vinne, soma bila kumwomba mtu radhi. Ukiwa navyo viwili tu, kuwa na shaka. Ukiwa unasoma kwa sababu "elimu haina mwisho," hiyo ni raha yako binafsi, wala si mbaya, lakini usiitoze biashara gharama yake.

Gharama ya njia hii si ada peke yake. Kuna maamuzi yanayongoja. Unapokuwa darasani, bei haijabadilishwa, mfanyakazi anayetaka kuondoka hajazungumzwa naye, mteja mkubwa ameanza kuzungumza na mtu mwingine. Hayo hayaonekani kwenye daftari la matumizi, ndiyo maana watu hudhani masomo ni rahisi.

Tena kuna suala la kusahau. Mwaka 1885 Hermann Ebbinghaus, Mjerumani, alichapisha majaribio aliyojifanyia mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana. Baada ya siku moja tu, alichobaki nacho kilikuwa karibu theluthi moja. Ni kweli kwamba mambo yenye maana hukaa zaidi ya silabi tupu. Hata hivyo, mtu anayesoma usimamizi leo kwa ajili ya timu atakayokuwa nayo miaka mitatu ijayo anajaza maji kwenye pakacha. Somo hukaa likipata pa kutumika wiki hiyohiyo.

Vyuo viliona hili zamani. Chuo Kikuu cha Chicago kilianzisha mwaka 1943 shahada ya uzamili ya biashara kwa wasimamizi ambao hawakutakiwa kuacha kazi zao, na mtindo huo ukaenea duniani. Kama lazima usome kwa muda mrefu, tafuta programu ya namna hiyo, inayokulazimisha kukipeleka kazini Jumatatu ulichosikia Jumamosi. Ile inayokutoa kazini kwa miezi mingi waachie walioajiriwa, ambao nafasi zao hulindwa na wengine. Nafasi yako wewe nani atailinda?

Njia ya pili: shika usukani, ujifunze humo humo

Andrew Grove alikuwa na shahada ya uzamivu ya uhandisi wa kemikali, aliyoipata Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 1963. Hakuwa na shahada ya biashara. Alikuwepo Intel, kampuni ya vichakata vya kompyuta, tangu ilipoanza mwaka 1968, akaiongoza kama mtendaji mkuu kuanzia 1987 hadi 1998. Kinachonivutia kwake ni kwamba tangu mwaka 1991, akiwa bado kiongozi, alikuwa akifundisha katika shule ya biashara ya Stanford. Wengi huacha uongozi ili wakasome, naye alifundisha ili ajifunze. Anayesimama mbele ya darasa hulazimika kueleza kwa nini aliamua alivyoamua, na vijana wasiokula mshahara wake hawana sababu ya kumwogopa.

Faida ya njia hii ni kasi. Hakuna mwalimu anayefundisha mzunguko wa fedha haraka kama mwezi ambao mishahara imefika na akaunti ni tupu. Hakuna kozi ya kuajiri inayolingana na kumwajiri mtu asiyefaa, ukakaa naye miezi sita, ukamwachisha. Unajifunza yale tu biashara yako inayoyahitaji, kwa mpangilio inaoutaka yenyewe, na hayakutoki.

Lakini ada ya shule hii hailipwi na mwanafunzi peke yake. Kosa lako la kwanza la kumkemea mtu mbele ya wenzake unalipa wewe, analipa na yeye. Bei uliyokosea inakatwa kwenye marupurupu ya watu ambao hawakuwa na kura. Wanaoisifu shule ya uzoefu kwa kawaida ni wale waliohitimu, na waliofilisika humo hawaalikwi kuhutubia.

Kuna hasara nyingine ya polepole zaidi: bosi hana wa kumsahihisha. Ulipokuwa fundi, kazi mbaya ilijionyesha yenyewe, mshono ulifumuka, programu ilikwama. Uamuzi mbaya wa uongozi unaweza kuchukua mwaka kabla ya kujitokeza, na ukijitokeza utakuwa na sababu nyingine tele za kulaumu. Watu wako watacheka mizaha yako na kunyamazia makosa yako. Njia ya pili bila mtu wa nje wa kukwambia ukweli ni kutembea gizani kwa kujiamini. Mtu huyo anaweza kuwa mwenye biashara mwingine mnayekutana kila mwezi, mhasibu asiye na woga, au mkongwe aliyestaafu. Sharti ni kwamba asiwe anakutegemea kwa mshahara.

Njia ya tatu: uongozi mpe mwingine

Turudi kwa Fujisawa. Alijiunga mwaka 1949, mwaka mmoja tu baada ya Honda Motor kuandikishwa, na Honda alimkabidhi fedha, mauzo na hata muhuri wake, kitu ambacho katika biashara za Japani ni sawa na kumpa mtu saini yako. Mwenyewe akabaki na injini. Walistaafu pamoja mwaka 1973. Miaka 24 hivi, kila mmoja akijifunza upande wake. Haikuwa manahodha wengi katika chombo kimoja, maana kila mmoja alijua usukani ni wa nani na tanga ni la nani. Lile swali la injini liliibuka pale ambapo mpaka huo ulikuwa umefifia.

Katika kampuni za kompyuta njia hii imepitiwa kwa sura nyingi. Bill Gates alimwachia Steve Ballmer utendaji mkuu wa Microsoft Januari 2000, akajipa cheo cha msanifu mkuu wa programu ili arudi kwenye kazi aliyoipenda. Waanzilishi wa Google walimleta Eric Schmidt awe mtendaji mkuu mwaka 2001. Steve Wozniak, mwanzilishi mwenza wa Apple, alikwenda mbali zaidi: hakutaka kabisa kusimamia watu, na katika miaka ya 1980 alirudi chuoni Berkeley kwa jina la bandia, akamaliza shahada yake mwaka 1986. Hakuna anayesema Wozniak alishindwa maisha kwa sababu hakuwa bosi.

Watu huikwepa njia hii kwa sababu inafanana na kukiri udhaifu. Nadhani wanakosea. Mwenye biashara anayejua kwamba saa zake bora ziko kwenye ufundi, akamlipa mtu apange ratiba na kufuatilia madeni, ameshafanya uamuzi mkubwa wa uongozi kuliko wengi wanaoitwa wakurugenzi. Ugumu uko kwingine. Kwanza, mtu mzuri ni ghali, na mwenza hutaka sehemu ya umiliki. Pili, ni lazima uwe na elimu ya kutosha ya uongozi ili ujue kama huyo uliyempa anakuongoza au anakuzungusha: usipoweza kusoma hesabu za mwezi mwenyewe, hii si njia yako bado. Tatu, lazima utoe muhuri kweli. Meneja ambaye kila uamuzi wake unapinduliwa jioni na mwenye mali ni karani mwenye mshahara mkubwa.

Ubavu kwa ubavu

| | Masomo kwanza | Usukani sasa | Mpe mwingine |
|---|---|---|---|
| Inafaa ukiwa | na tatizo la kiufundi lenye jina | na maamuzi yanayolala | na ufundi ambao mwingine hana |
| Kinachogharimu zaidi | maamuzi yanayongoja | makosa yanayowaangukia wengine | mshahara au sehemu ya umiliki |
| Unajifunza haraka | kilicho kwenye mtaala | kilichokuuma wiki hii | ufundi wako, na kuamini watu |
| Hatari iliyofichika | kujificha darasani | kutosahihishwa na mtu | kupokonya ulichokabidhi |
| Dalili kwamba imekushinda | kozi ya tatu bila badiliko kazini | kosa lilelile mara ya tatu | meneja wa tatu kuondoka |

Mstari wa mwisho wa jedwali ndio ninaouamini kuliko yote. Mara ya kwanza ni bahati mbaya, ya pili unaweza kubishana. Ya tatu, ulichagua njia isiyo yako.

Namna ya kujua yako ni ipi

Chukua karatasi uandike mambo kumi ya karibuni yaliyokwenda vibaya kazini. Usichague makubwa tu, weka na yale madogo yaliyokukera. Mbele ya kila moja andika sababu moja kati ya tatu: hatukujua, hakuna aliyeamua, au liliamuliwa na halikufuatiliwa.

Kama "hatukujua" ndiyo nyingi, na mambo yenyewe ni ya ufundi, una haki ya kusoma, na sasa unajua hata somo lenyewe. Kama "hakuna aliyeamua" zimejaa, funga kitabu. Hakuna cheti kitakachoamua kwa niaba yako, na kila wiki unayoongeza ni wiki ambayo watu wako wanajifunza kuishi bila uongozi, jambo ambalo huwa gumu kuwafundisha upya. Kama nyingi ni "halikufuatiliwa," huenda huhitaji masomo wala moyo mpya wa uongozi. Unahitaji mtu wa ufuatiliaji, yaani njia ya tatu kwa kiwango kidogo: msimamizi wa ratiba, hata wa nusu siku.

Nimeona watu wakiandika orodha hii na kushangaa. Mmoja alikuwa tayari amelipa karo ya kozi ya masoko, na katika mambo kumi yake hakuna hata moja lililohusu masoko. Saba yalikuwa ya kuamua. Kozi alienda, karo ilishalipwa, lakini alijua anakwenda kupumzika.

Kama utachanganya

Wengi mtaishia kuchanganya, na si vibaya, ila changanya kwa mizani isiyo sawa. Nusu kwa nusu huzaa mwanafunzi anayesinzia na bosi asiyepatikana. Chagua njia moja iwe mama, nyingine iwe mtoto. Ukiwa kwenye usukani, saa tatu za kujifunza kwa wiki zinatosha, ziwekwe asubuhi kabla simu hazijaanza, na ziwe juu ya jambo moja kwa robo mwaka nzima. Ukiwa masomoni, uongozi nao uwe na saa zake zinazojulikana: watu wako wajue ni siku gani unapatikana kwa maamuzi, na ni maamuzi ya ukubwa gani wanaweza kuyafanya bila wewe. Hilo la pili liandike. Maneno ya mdomo husahaulika siku ya kwanza ya mgogoro.

Ninachoshauri kwa nguvu ni kuwaambia wafanyakazi unachojifunza na kwa nini. Bosi anayesema waziwazi "hili silijui, naenda kulisoma, nitarudi na jibu mwezi ujao" hapungukiwi heshima. Anapungukiwa yule anayerudi kutoka semina na misamiati mipya kila baada ya wiki mbili, akibadilisha utaratibu wa watu kwa sababu ya kitu alichokisikia juzi. Ukirudi na jambo jipya, lijaribu na mtu mmoja kwanza, kwa mwezi mmoja, kabla ya kuligeuza kuwa sheria ya wote.

Na uamuzi wenyewe una muda wake. Larry Page, ambaye alikuwa mtendaji mkuu wa Google kabla ya Schmidt, alirudi kwenye kiti hicho mwaka 2011, baada ya miaka 10 ya kumwona mwingine akikikalia. Biashara yako haina haja ya kungoja miaka 10. Weka tarehe miezi sita kutoka leo, uitoe ile karatasi ya mambo kumi, uandike mengine kumi mapya pembeni yake, uone kama sababu zimehama safu.